Hivi magari ya siku hizi yametengenezwa yatufie mikononi? Wana-Lubumbashi, njooni hapa

#1 Mwana_Kamalondo
Jambo yenu wote. Juzi niko garaji moja ya Katuba, fundi ametoa radiateri ya gari la mwaka 2014. Tangi la juu ni plastiki, limepasuka mstari mrefu. Anasema hii hailehemiwi, nunua nyingine. Pembeni kuna Land Cruiser yenye umri wa baba mdogo wangu, radiateri ya shaba, kijana anaiziba kwa risasi na jioni inaondoka.

Dai langu ni hili: shaba tunaichimba sisi, wao wanaitoa kwenye gari wanaweka plastiki, na plastiki yenyewe wameipimia miaka kumi. Miaka kumi ndiyo umri ambao gari linafika mpakani kwetu Kasumbalesa. Nani anabisha?

#2 Fundi_Ruashi
Jambo. Muzee, uko na haki nusu. Ile ya shaba ilikuwa paka moto na risasi, bwisha. Hii ya alumini, tangi ya plastiki inashikwa na meno ya bati na mupira katikati. Unaweza kufungua meno, uweke tangi ingine, lakini ile tangi peke yake utaipata wapi? Banaleta radiateri nzima.

Lakini mi sisemi banafanya juu gari ikufe. Bateja mingi banatia maji ya robine, ya bomba, miaka yote. Hapana dawa ya radiateri ndani. Maji inachemuka haraka, presha inapanda, plastiki inachoka. Kisha banalaumu Mujapani.

#3 Mhandisi_Golf
Radiateri ya alumini si ya juzi. Volkswagen walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini kwa ujazo uleule, na bei yake ni ya juu. Gari jepesi linakunywa kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta njama, tafuta mizani na kikokotoo.

#4 Yaya_wa_Kenya
Golf ya mtaa ao Golf ya kuendesha? Tujue kama ni jirani ya matajiri anatufundisha ao ni mwenye gari.

#5 Mhandisi_Golf
Mtaa, Yaya. Gari langu ni Probox, usiwe na wasiwasi.

#6 Mhasibu_Likasi
Mimi si fundi, mimi ni wa vitabu vya hesabu, basi niwaonyeshe upande wa meza yetu. Kampuni inayotoa magari milioni 10 kwa mwaka ikiokoa dola 1 kwenye kila gari, imepata dola milioni 10 bila kuuza gari hata moja zaidi. Ndiyo maana kuna watu wanalipwa kukaa siku nzima wanabishana juu ya urefu wa skrubu.

Toyota mwaka 2000 walianza mpango waliouita CCC21. Mfano wake unaojulikana ni vishikio vya juu ya mlango, vile abiria anavyong'ang'ania dereva akikata kona vibaya. Walikuwa na aina 35. Wakabakiza 3. Sasa niambie, Mwana_Kamalondo, wewe umeumia nini hapo? Mkono wako unajua kama umeshika aina ya 2 au ya 34? Huo ni ubanaji mzuri.

Volkswagen nao mwaka 2012 wakaleta MQB, sakafu moja ya kujengea magari mengi: Golf ya saba, Audi A3, Skoda Octavia, Seat Leon. Chini ni ndugu wa tumbo moja, juu kila mmoja na kanzu yake. Mnunuzi wa Audi analipa kanzu.

#7 Dada_wa_Kadutu
Salamu kutoka Bukavu. Mhasibu unaongea vishikio, ongea na watu basi. Ford kwenye Pinto miaka ya 1970 walipiga hesabu kwamba dola 11 za kulinda tangi la mafuta ni ghali kuliko kulipa familia za watakaoungua. Waliandika kwenye karatasi kabisa. Hiyo nayo ni kanzu?

#8 Mhandisi_Golf
Dada, hadithi hiyo inasimuliwa hivyo kila mahali lakini karatasi yenyewe haisemi hivyo. Ni ya 1973, iliandikwa kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Ilihusu mafuta kuvuja gari likipinduka, si kugongwa nyuma, na ilihesabu magari ya watengenezaji wote wa Marekani, zaidi ya milioni 12, siyo Pinto peke yake. Thamani ya maisha ya mtu, dola 200,000, ilitoka kwa mamlaka hiyohiyo. Pinto ilikuwa na tatizo la kweli la tangi kugongwa kutoka nyuma, na mwaka 1978 Ford waliita kama milioni 1.5 zirudi kurekebishwa. Lakini karatasi ya dola 11 ni habari nyingine.

#9 Dada_wa_Kadutu
Kwa hiyo bei ya mtu ilikuwepo, dola 200,000, na serikali ndiyo iliyoitaja. Umenirekebishia anwani, bahasha ni ileile. Aksanti.

#10 Chukudu_Sensa
Goma tunawasalimu. Chukudu yetu ya mbao ya kusukuma: haina radiateri, haina plastiki, haina sensa. Ikivunjika unarudi msituni. Endeleeni na mjadala wenu.

#11 Wakili_BelAir
😂 Chukudu haina mfuko wa hewa (erbagi) pia.

Dada, kama unataka kesi isiyo na utata, acha Pinto, chukua General Motors mwaka 2014. Swichi ya ufunguo kwenye Chevrolet Cobalt na ndugu zake. Springi ya ndani ilikuwa dhaifu, ukiwa na funguo nyingi zinaning'inia, au goti likigusa, ufunguo unateleza wenyewe, injini inazima ukiwa barabarani, volani inakuwa nzito, na mfuko wa hewa haufunguki. Bungeni kwao ilitajwa kwamba tofauti ya bei ya kipuri ilikuwa senti 57. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124.

Na sehemu inayonikera mimi kama mwanasheria ni hii: mwaka 2006 kipuri kilibadilishwa kimyakimya kikawa imara zaidi, lakini namba ya kipuri ikaachwa ileile. Wachunguzi wakawa wanalinganisha magari mawili wakidhani yana swichi moja.

#12 Fundi_Ruashi
Namba moja, vintu mbili! Huyo mutu alipaswa kukuja kufanya kazi hapa kwetu, angepata bandugu mingi. Mimi nilishanunua plaketi za freni, karatoni moja, namba moja, moja inauma muzuri, ingine inalia sawa mutoto ya usiku. Sasa nikisema gari ni mubaya, ni gari ao ni karatoni? Njo mana nabisha #1. Gari inaletewa vintu ya uongo, kisha tunasema kiwanda kilibana.

#13 Mwana_Kamalondo
Fundi, unawatetea kama vile wanakulipa. Tangi la plastiki lilikuwa la kiwandani, si la karatoni.

#14 Dereva_wa_Sake
Niingie na yangu. Nilinunua gari, jina silitaji, vitesi otomatiki. Nikataka kupima mafuta ya gia kama ninavyopima ya injini. Natafuta kijiti cha kupimia, hakuna. Fundi wa Goma anacheka, anasema kitabu cha gari kinasema mafuta ni ya maisha yote. Nikauliza maisha ya nani? Vilima vya Sake, vumbi, foleni, mzigo wa viazi. Giaboksi ikaanza kurusha kama punda mkaidi. Walipofungua chini, mafuta meusi kama lami.

#15 Yaya_wa_Kenya
Taja jina!!!

#16 Dereva_wa_Sake
Sitaji. Nataka kuliuza.

#17 Yaya_wa_Kenya
Eeeeh! Na huyu njo anatulilia juu ya uaminifu wa viwanda 😂😂

#18 Mhandisi_Golf
"Maisha yote" kwenye kitabu maana yake ni maisha ambayo kiwanda kinayapangia mahesabu, na mara nyingi hayo ni ya mmiliki wa kwanza, barabara ya lami, baridi ya Ulaya. Faida yake kwa muuzaji: gharama za matunzo kwenye karatasi zinaonekana ndogo, kampuni zinazokodisha magari zinafurahi. Mmiliki wa tatu hayumo kwenye mkutano huo. Ukipata gari la namna hiyo, badilisha mafuta ya gia ukilinunua, hata kitabu kikikataza.

Ila nisikilizeni kwenye mkanda wa injini unaozunguka ndani ya oili. Ford wameuweka kwenye EcoBoost ya lita 1.0, Peugeot na Citroën kwenye PureTech ya 1.2. Mpira ukioga oili isiyo sahihi au iliyochelewa kubadilishwa, unamomonyoka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, presha inashuka, injini inakufa. Stellantis, wenye Peugeot na Citroën, ilibidi warefushe dhamana ya PureTech hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Watu wanasema ni ubahili. Si ubahili tupu. Mkanda ndani ya oili una msuguano mdogo na kelele ndogo kuliko ule mkavu au mnyororo, na Ulaya ilishaweka kikomo cha gramu 95 za kaboni kwa kilomita, na faini ya euro 95 kwa kila gramu ya ziada kwa kila gari. Hapo robo ya gramu inatafutwa kwa tochi. Kwa hiyo wa kulaumiwa nao ni walioandika sheria, ukitaka.

#19 Mwana_Kamalondo
Dhamana ya miaka 10, nipeleke gari wapi? Kasumbalesa kwa mtu wa duane, wa forodha? Hii ndiyo hoja yangu mnaizunguka. Iwe ni senti, iwe ni gramu, wa mwisho kushika gari ndiye analipa, na wa mwisho ni sisi.

#20 Kobalti_Kolwezi
Mnaongea plastiki na shaba, na kubwa kuliko zote mmeiruka. Kitu ambacho watengenezaji wamekibana kuliko vyote miaka hii ni KOBALTI, madini ya betri. Yetu.

Mwaka 2018 tani moja ilipita dola 90,000. Wenye magari ya umeme wakaona betri inawala. Tesla mwaka 2020 wakaanza kuweka kwenye Model 3 za Shanghai betri za chuma na fosfati, LFP, hazina kobalti hata chembe. BYD wa Uchina mwaka huohuo wakatoa ile wanayoiita Blade, nayo ni LFP. Leo Uchina magari mengi ya umeme yanatembea bila kobalti. Mwanzo wa 2025 tani ilikuwa imeshuka hadi kama dola 21,000, Kinshasa ikafunga usafirishaji mwezi wa pili, kisha Oktoba ikaweka mgawo. Kila familia ya Kolwezi inayojua mchimbaji inajua hiyo bei ilivyoingia jikoni. Huko kwa mnunuzi wa Ulaya gari limekuwa nafuu. Sawa. Nafuu hiyo imetoka wapi?

#21 Mhasibu_Likasi
Ndugu, bei ilishuka pia kwa sababu madini yalitoka mengi mno, pamoja na ya Indonesia yanayotoka na nikeli. Si betri tu.

#22 Kobalti_Kolwezi
Mengi mno kutoka wapi tena? Kutoka hapahapa. Sawa, tumejibana wenyewe.

#23 Mhandisi_Golf
Na kwa haki, LFP kwa mnunuzi si betri mbaya. Ni nzito zaidi kwa umbali uleule, lakini inastahimili kuchajiwa mara nyingi na si rahisi kuwaka moto. Gari la umeme la mtumba lenye LFP ningelinunua kabla ya lile la zamani lenye kobalti. Shaba bado wanaihitaji: gari la umeme linakula kama kilo 80, la mafuta ishirini na kitu. Ingawa hata hapo wameanza kunyoa, Cybertruck ya Tesla ya 2023 ina mfumo wa volti 48 badala ya 12 ili nyaya ziwe nyembamba.

#24 Mwana_Kamalondo
Unaona? Wanarudi kwenye shaba tena.

#25 Dada_wa_Kadutu
Niwarudishe kwenye damu kidogo. Wangapi humu wamekagua mfuko wa hewa wa gari la mtumba kutoka Japani? Takata, watengenezaji wa mifuko hiyo wa Japani, walitumia nitrati ya amonia kulipua mfuko, bei yake ni ndogo kuliko kemikali nyingine. Autoliv wa Sweden, mshindani wao, waliikataa. Joto na unyevu vikiiingia miaka kadhaa inakuwa kali kupita kiasi, na mfuko ukilipuka kopo la chuma linapasuka, vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake ni zaidi ya vipuri milioni 60 vilivyoitwa virudi. Takata wakafilisika Juni 2017. Joto na unyevu, ndugu zangu. Hiyo ni Bukavu, hiyo ni Lubumbashi ya Januari. Namba ya shasi mnaiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, inakwambia kama gari lako liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni bure.

#26 Fundi_Ruashi
Hii ya Dada ni ya kweli. Bakuletee gari, uangalie shasi MBELE ya kulipa, hapana kisha. Na kama taa ya erbagi haiwake hata kidogo ukifungua kontakti, ujue kuna mutu alitoa balbu.

#27 Wakili_BelAir
Na tusisahau Daihatsu, Desemba 2023: walikiri kughushi majaribio ya usalama, aina 64 za magari, baadhi yanauzwa kwa jina la Toyota. Kesi ya zamani kabisa ilikuwa ya 1989. Tume huru ilisema wafanyakazi walikuwa wanabanwa na ratiba fupi mno za kutengeneza gari jipya. Kwa hiyo Mhasibu, hata muda ni gharama, nao unabanwa.

#28 Mhasibu_Likasi
Sipingi. Ila mnabeba mabaya tu. Chukueni Dacia Logan ya 2004, kutoka Romania, lengo lilikuwa gari la euro 5,000. Vioo vya pembeni vilichorwa kimoja kwa pande zote mbili, dashibodi kipande kimoja, kioo cha mbele hakina mkunjo mkali. Mnunuzi anapoteza nini? Urembo. Sasa ulinganishe na Tata Nano ya 2008: wiper moja, nati tatu kwa kila tairi, mlango wa buti haufunguki kutoka nje. Mwaka 2014 ikagongwa na Global NCAP, wale wanaopima usalama wa magari kwa kuyagonga, nyota sifuri. Wote wawili walibana. Mmoja alibana kioo, mwingine alibana kifua chako.

#29 Dereva_wa_Sake
Na ile pikapu wanayoiita mwili mgumu? Hardbody. Global NCAP waliigonga 2018, toleo la Afrika, nyota sifuri. Jina gumu, mwili biskuti.

#30 Mhandisi_Golf
Nissan NP300, ndiyo. Iliyokuwa inaunganishwa Afrika Kusini. Kampuni hiyohiyo Ulaya isingethubutu. Hapo sina utetezi wa gramu wala mizani. Ni sheria yetu kutouliza.

#31 Yaya_wa_Kenya
Sheria gani, sisi huku Kongo tunaendesha kuume na volani iko kuume 😂 Ukitaka kupita lori unamuuliza abiria kama njia iko wazi.

#32 Mwana_Kamalondo
Abiria ndiye rada yetu. Hicho kifaa hawajakibana bado.

#33 Mhandisi_Golf
Kuhusu vifaa: skrini kubwa mnazozipenda, nazo ni ubanaji. Kitufe kina waya wake, plagi yake, kalibu yake kiwandani. Skrini moja inafuta vitufe thelathini, na kurekebisha ni programu tu. Mnunuzi anaona anasa. Euro NCAP wamechoka, kuanzia 2026 nyota tano zinataka vitufe vya kweli kwa honi, taa za kugeuka, taa za hatari, wiper.

#34 Fundi_Ruashi
Skrini ikikufa, klimatizeri inakufa nayo. Tena hapo mi siko mekanisie, niko mutu wa telefone.

Nilisikia tena Tesla banamwaga sehemu ya nyuma ya shasi kipande moja, sawa sufuria. Ni kweli? Sasa ikigongwa nyuma nitapiga nyundo wapi?

#35 Mhandisi_Golf
Kweli. Model Y, mashine za Idra za Italia, vipande kama 70 vimekuwa kimoja au viwili. Toyota mwaka 2023 walionyesha yao, vipande 86 kuwa kimoja. Roboti zinapungua, kuchomelea kunapungua. Ukigonga vibaya, unakata na kupachika kwa utaratibu wa kiwanda, au bima inaliandika gari limekufa.

#36 Fundi_Ruashi
Alumini ya kumwagwa haipendi nyundo, inapasuka. Basi miaka kumi na tano ijayo Ruashi yote tutafunga garaji tuuze esanzi ya Kadhafi, ile ya bidoni pembeni ya barabara.

#37 Chukudu_Sensa
Karibu Goma. Kazi ya chukudu ipo.

#38 Mwana_Kamalondo
Mpaka sasa nimesikia: mizani, gramu za kaboni, hesabu za dola, maji ya robine, karatoni za uongo, sheria zetu, kobalti. Hakuna aliyeniambia kwa nini tangi la radiateri lilipasuka kwenye mwaka wa kumi na si wa ishirini.

#39 Mhandisi_Golf
Kwa sababu mtu aliandika kwenye karatasi kwamba kumi inatosha. Si ili life. Ili lisigharimu zaidi ya hapo. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa.

#40 Dada_wa_Kadutu
Kwa mwenye gari haipo.

#41 Fundi_Ruashi
Kwangu iko. Gari ya kuuliwa siwezi kuisaidia. Ya kuchoka, tutie dawa ndani ya maji, tubadilishe tangi mbele ya kupasuka, itaenda. Mwana_Kamalondo, ulikuwa unatia nini ndani ya ile gari?

#42 Mwana_Kamalondo
Halikuwa langu.

#43 Yaya_wa_Kenya
😂😂😂 Banafunzi wa Katuba!

#44 Transit_Kasumba
Samahani kuingilia. Niko na mteja, Vitz ya 2012, imetoka Dar imefika Nakonde. Haina tairi la akiba, ina kichupa cha gundi na pampu ndogo. Kuna anayejua kama kwa barabara ya Zambia mpaka huku kichupa kinatosha, ao nimwambie shofere anunue pneu hapohapo?

#45 Fundi_Ruashi
Pneu. Na janti yake. Kichupa hakizibe tundu ya pembeni, na iangalie tarehe, ile gundi inaisha muda. Umwambie apime kwanza kama sanduku ya nyuma iko na nafasi, kuna zingine banapunguza mpaka shimo yenyewe.

#46 Transit_Kasumba
Shimo lipo, wameweka sifongo. Aksanti fundi, nampigia sasa hivi.